Kishikwambi cha Nyanjani: Jinsi ya Kuchagua Kifaa Sugu kwa Bei Nafuu

Katika msitu wa mikoko wa Gazi, kazi ya kupima miti haifuati saa za ofisi; hufuata maji. Maji yakipwa, wapimaji huwa na saa chache tu za kuingia matopeni, kufika kwenye kiwanja cha kupimia, kupima unene wa kila mti, kuandika vipimo na kutoka kabla maji hayajajaa tena. Kifaa cha kuandikia kikizima katikati ya shughuli hiyo, siku imepotea. Na kwa viwanja vilivyo ukingoni mwa bahari, ambavyo hufikika vizuri wakati wa bamvua, kukosa siku kunaweza kumaanisha kungoja takriban wiki mbili hadi bamvua nyingine.

Vikundi vya kijamii, kamati za maji, walimu wa sayansi na vijana wanaoajiriwa kukusanya data wanaendelea kuhama kutoka daftari kwenda kishikwambi, au tableti kama wengi wanavyoiita. Hatua hii si ngeni nchini. Sensa ya mwaka wa 2019 ilikuwa ya kwanza Kenya kufanywa kwa vifaa vya kidijitali badala ya karatasi, na maelfu ya wananchi walijifunza kazi hiyo wakati huo. Hata hivyo, kuhesabu watu mlangoni ni tofauti na kupima mkoko matopeni, kurekodi samaki ufuoni au kukagua silanga la maji katika vumbi la Kinango.

Makala haya yanaeleza mambo ya kuangalia kabla ya kununua kishikwambi cha kazi ya kisayansi nyanjani. Lengo ni kusaidia kikundi kisinunue kifaa ghali kisichohitajika, wala kisinunue cha bei ya chini kitakachokufa mwezi wa pili.

Kwa nini jambo hili linamhusu mwananchi

Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza Gazi mwaka wa 2013, unahifadhi takriban hekta 117 za mikoko. Jamii za Gazi na Makongeni hupata fedha kwa kuuza krediti za kaboni, na fedha hizo zimesaidia miradi ya maji na elimu vijijini. Anayenunua krediti hizo hapewi mti wala gogo. Analipia kiasi cha kaboni kilichothibitishwa, na uthibitisho huo hutegemea vipimo vya miti: aina yake, unene wake, idadi yake na mahali ilipo. Vipimo vikipotea au visipoaminika, kinachotikisika ni mapato ya kijiji.

Ndivyo ilivyo pia kwa ukame. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa za kila mwezi kuhusu kaunti zenye maeneo kame, Kwale ikiwemo. Taarifa hizo hujengwa kwa mambo madogo yanayokusanywa mashinani: bei ya mbuzi sokoni, umbali wa kuteka maji, hali ya lishe ya watoto. Kwa wavuvi, uzito na aina ya samaki wanaoshushwa kila siku ndio msingi wa maamuzi kuhusu zana za uvuvi na maeneo ya kupumzisha bahari. Rekodi isiyofika haiingii katika hesabu, na jamii isiyo katika hesabu hupata shida kutetea haki yake.

Kwa hiyo, swali la kishikwambi gani kinunuliwe si la mafundi peke yao. Kitu chenye thamani ni kumbukumbu iliyo ndani ya kifaa, na kifaa kizuri ni kile cha bei ndogo zaidi kitakachoirudisha nyumbani salama.

Kazi kwanza, kifaa baadaye

Kosa la kwanza hufanyika dukani, pale mnunuzi anapouliza bei kabla ya kueleza kazi. Kikundi kinashauriwa kianze kwa kuandika kwenye karatasi mambo manne: kifaa kitatumika wapi, kwa saa ngapi kwa siku, na nani, na kuandika nini.

Kwale yenyewe ina mazingira matatu tofauti. Pwani, kuanzia Diani hadi Vanga, adui ni maji ya chumvi, mchanga laini na mikono iliyolowa. Kinango na sehemu za juu za Lunga Lunga, adui ni vumbi, joto la mchana na umbali kutoka kwa umeme. Katika msitu wa Shimba Hills, ambako wanapatikana palahala pekee waliobaki nchini, adui ni mvua, unyevu na matawi mazito yanayozuia mawimbi ya setilaiti. Kifaa kinachofaa sehemu moja si lazima kifae nyingine.

Aina ya data pia ina uzito wake. Fomu ya maswali ya kaya, yenye majibu ya kuchagua na nambari chache, haihitaji kifaa chenye nguvu nyingi. Ramani yenye picha za angani inahitaji hifadhi na kasi zaidi. Picha za majani, samaki au wadudu zinahitaji kamera inayoweza kuona kitu cha karibu bila ukungu.

Kuelewa nambari za kwenye boksi

Vishikwambi sugu huuzwa kwa kutaja viwango viwili. Vyote viwili ni muhimu, na vyote viwili hueleweka vibaya.

Cha kwanza ni kiwango cha IP, ambacho hufuatwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni kinga dhidi ya vumbi. 6 ndiyo ya juu, na maana yake ni kuwa vumbi haliingii kabisa. Tarakimu ya pili ni kinga dhidi ya maji. Kifaa chenye IP65 kinahimili maji yanayorushwa kwa mpira. Chenye IP67 kinahimili kuzama katika kina cha mita 1 kwa dakika 30. IP68 inahimili zaidi ya hapo, kwa kina na muda ambao mtengenezaji mwenyewe ametaja, kwa hivyo ni lazima maelezo yake yasomwe.

Jambo ambalo halisemwi dukani ni kwamba majaribio hayo hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kwa kifaa kipya. Maji ya bahari hula chuma cha tundu la chaji. Vizibo vya mpira huchakaa, na punje moja ya mchanga ikikaa kwenye ukingo wa kizibo, maji hupata njia. Isitoshe, waranti nyingi hazilipii uharibifu wa maji hata kama boksi limeandikwa IP68. Swali hilo liulizwe kabla ya kulipa.

Kiwango cha pili ni MIL-STD-810, mara nyingi toleo la G au H. Huu ni mwongozo wa majaribio wa jeshi la Marekani, unaohusu kuanguka, mtikisiko, joto, unyevu na mengineyo. Hakuna ofisi inayotoa cheti chake kwa vifaa vya dukani. Kampuni huchagua majaribio machache kati ya mengi, huyafanya yenyewe au kwa kulipa maabara, kisha huandika jina la kiwango. Jaribio la kuanguka, kwa mfano, mara nyingi hufanywa kutoka urefu wa takriban mita 1.2. Kishikwambi kinachoanguka kutoka juu ya pikipiki inayokwenda, au juu ya mwamba wa matumbawe, kimevuka mipaka ya jaribio hilo. Mnunuzi aulize ni majaribio gani hasa yaliyofanywa. Muuzaji asiyeweza kujibu anauza maandishi tu.

Skrini inayosomeka juani

Kishikwambi kinachong'aa vizuri ndani ya duka kinaweza kuwa kama kioo cha kujitazamia ufuoni saa sita mchana. Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti. Vishikwambi vingi vya bei ya chini vina kati ya niti 300 na 400, kiasi kinachotosha ndani ya nyumba na kivulini. Kwa kazi ya juani, niti 500 ni mwanzo wa kuridhisha, na 800 au zaidi ni bora. Karatasi ya plastiki isiyong'aa, inayobandikwa juu ya skrini, hupunguza mwako kwa gharama ndogo. Mwangaza mkubwa hula chaji, kwa hivyo mambo haya mawili hupimwa pamoja.

Kisha kuna mikono. Skrini za siku hizi huhisi umeme mdogo wa kidole, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Tone moja la maji ya bahari linaweza kubonyeza jibu ambalo hakuna aliyelichagua. Vishikwambi sugu vingi vina hali maalumu ya kutumia kwa glovu au mkono uliolowa, na vingine huja na kalamu ya skrini. Kwa wapimaji wa mikoko ambao vidole vyao vimejaa tope, kalamu hiyo ni sehemu ya kazi. Ukubwa wa inchi 8 huwatosha wengi, kwa kuwa kifaa hushikwa kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika utepe wa kupimia.

GPS: mahali ni nusu ya data

Kipimo kisicho na mahali hakiwezi kurudiwa mwaka ujao. Hapa ndipo wanunuzi wengi hunaswa, kwa kuwa baadhi ya vishikwambi vya bei ya chini visivyotumia laini ya simu havina kabisa kipokezi cha GPS. Vinaweza kuonyesha ramani mjini Ukunda kwa kutumia mitandao ya karibu ya intaneti, kisha vikapotea mara tu vinapofika Mwereni. Orodha ya sifa za kifaa lazima itaje GPS kwa jina. Ni bora zaidi ikitaja pia Galileo, GLONASS au BeiDou, kwani setilaiti zikiwa nyingi, mahali hupatikana upesi na kwa usahihi zaidi.

Chini ya anga wazi, kifaa cha kawaida huonyesha mahali kwa kosa la takriban mita 5. Chini ya miti mizito kosa huongezeka. Kwa kisima au silanga, hilo si tatizo. Kwa kiwanja cha mikoko cha mita 10 kwa 10, kosa la mita 8 linaweza kumweka mpimaji katika kiwanja cha jirani. Vifaa vinavyopokea masafa mawili ya setilaiti, L1 na L5, hupunguza tatizo. Kipokezi cha nje kinachounganishwa kwa Bluetooth hupunguza zaidi, na vikundi viwili au vitatu vinaweza kununua kimoja na kukitumia kwa zamu. Lakini dawa ya bei nafuu kuliko zote bado ni kigingi kilichopigwa rangi kwenye kona ya kiwanja.

Wakusanyaji data pia wanahitaji kuzielewa nambari zenyewe. Karibu na ikweta, tarakimu ya tano baada ya nukta ya desimali ni sawa na takriban mita 1 ardhini, na ya nne ni takriban mita 11. Anayekata tarakimu ili kufupisha anahamisha mti. Na kwa kuwa Kwale iko kusini mwa ikweta, latitudo yake huanza kwa alama ya kutoa. Alama hiyo ikisahaulika wakati wa kuandika kwa mkono, mkoko wa Gazi hujikuta kusini mwa Ethiopia.

Chaji ya siku nzima

Kifaa cha nyanjani kinapaswa kumaliza siku ya saa 8 skrini ikiwa na mwangaza mkubwa na GPS ikifanya kazi. Saa ambazo mtengenezaji hutangaza hupimwa katika hali nyepesi kuliko hiyo. Ndiyo maana baadhi ya vishikwambi sugu vina betri inayotolewa na kubadilishwa. Faida yake ni mbili: mpimaji hubeba betri ya pili iliyojaa, na baada ya miaka miwili au mitatu betri ikichoka, hubadilishwa betri na si kifaa.

Kwa kifaa ambacho betri haitoki, betri ya akiba ya kubebwa mfukoni hutosha, mradi hesabu yake ifanywe sawasawa. Betri ya akiba iliyoandikwa mAh 20,000 haitoi 20,000 zote. Sehemu hupotea katika kubadilisha umeme. Makadirio ya busara ni asilimia 60 hadi 65. Kwa kishikwambi cha mAh 8,000, hiyo ni chaji kamili moja na nusu, si mbili na nusu.

Joto nalo ni adui wa betri. Kishikwambi kilichoachwa kwenye dashibodi ya gari juani, au kilichofunikwa kwa kava jeusi huku kikichajiwa kwa sola, kinaweza kukataa kuchaji. Kichajiwe kivulini, paneli ndiyo ikae juani.

Programu na umri wa kifaa

Programu zinazotumika sana kwa fomu za nyanjani, kama ODK Collect na KoboCollect, hufanya kazi kwenye vifaa vya Android na hazihitaji mtandao wakati wa kujaza. Fomu hukaa ndani ya kifaa hadi mtandao upatikane, kisha hutumwa. Kwa ramani, QField hutumika pamoja na QGIS, na zote mbili hupatikana bila malipo. Kwa hiyo, kikundi hakihitaji kutumia fedha nyingi kwenye programu.

Kinachohitajika ni kifaa chenye toleo la Android ambalo si la zamani. Kishikwambi cha bei ya kutupa mara nyingi ni cha bei hiyo kwa sababu toleo lake limepitwa na wakati, na baada ya mwaka mmoja programu zitaacha kukubali kusasishwa. Mnunuzi aulize mtengenezaji ameahidi kutoa masasisho ya usalama hadi mwaka gani. Kwa fomu na picha za kawaida, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 hutosha, hasa panapokuwa na nafasi ya memori kadi.

Hesabu ya bei

Bei hubadilika pamoja na kodi na thamani ya shilingi, kwa hivyo nambari zifuatazo ni mfano wa hesabu tu, si bei za soko. Tuseme kishikwambi cha kawaida ni Sh20,000, na kava pamoja na mfuko usiopitisha maji ni Sh3,000. Kishikwambi sugu ni Sh60,000, na betri yake ya kubadilisha katika mwaka wa tatu ni Sh5,000. Mradi ni wa miaka 4.

Kwa nafasi ya mpimaji mmoja, kishikwambi sugu kitagharimu Sh65,000 kwa miaka yote. Cha kawaida kikidumu miaka miwili miwili, vitanunuliwa viwili, na gharama ni Sh43,000. Vikinunuliwa vitatu, gharama ni Sh63,000, karibu sawa na sugu. Kikifa kila mwaka, vitanunuliwa vinne, na gharama ni Sh83,000.

Hesabu hii inaonyesha kwamba swali la msingi si bei ya leo bali ni muda ambao kifaa cha kawaida kitaishi katika kazi husika. Kwa mahojiano ya kaya wakati wa kiangazi, kifaa cha kawaida ndani ya kava gumu kinaweza kudumu vizuri, na kununua sugu ni kutumia fedha ambazo zingelipa posho. Kwa mashua na matope ya chumvi, cha kawaida huenda kisimalize mwaka. Hesabu pia haijaweka gharama ya siku iliyopotea: mafuta ya mashua, posho za watu watano na kungoja bamvua nyingine. Kikundi kinachofanya kazi za aina mbili kinaweza kuchanganya, kwa kununua sugu viwili vya baharini na vya kawaida kwa nchi kavu.

Jaribio kabla ya ununuzi mkubwa

Ni busara kununua au kuazima kifaa kimoja na kukijaribu siku nzima mahali penyewe pa kazi. Jaribio zuri ni hili:

1. Kifaa kipelekwe nyanjani kikiwa na chaji kamili na mtandao ukiwa umezimwa.
2. Fomu 30 za kweli zijazwe, nyingine juani saa sita, nyingine kwa mkono uliolowa.
3. Mahali pamoja panapojulikana parekodiwe mara 10, kisha ionekane nukta zimetawanyika kwa mita ngapi.
4. Picha 20 zipigwe, zikaguliwe kama zinasomeka.
5. Kifaa kizimwe ghafla katikati ya fomu, kiwashwe tena, ionekane kama majibu bado yapo.
6. Jioni, chaji iliyobaki iandikwe.

Hatua ya tano ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayotofautisha kumbukumbu salama na iliyopotea. Anayefanya jaribio awe ni yule atakayekitumia kifaa kila siku. Mama anayepima samaki ufuoni ataona kasoro ambayo mwenyekiti ofisini hataiona.

Kununua kwa njia halali

Kwa ofisi za umma, Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka wa 2015 inataka mahitaji yaelezwe kwa sifa na viwango badala ya jina la kampuni. Kwa mfano: "IP67 au zaidi, niti 500 au zaidi, GPS, betri inayobadilishika." Vikundi vya kijamii vinashauriwa kufuata utaratibu huo huo na kuomba bei kutoka kwa wauzaji wasiopungua watatu, ili wanachama waweze kuona fedha zao zimetumika vipi.

Kwa kifaa chenye laini ya simu, kubonyeza *#06# huonyesha nambari ya IMEI yenye tarakimu 15. Nambari hiyo ilingane na ya kwenye boksi na kwenye risiti. Isipolingana, kifaa kirudishwe. Mnunuzi aulize pia fundi wa waranti yuko wapi. Kifaa kinachopaswa kutumwa ng'ambo ili kirekebishwe kitakosekana kwa miezi, hata kama marekebisho ni ya bure.

Data ya watu ni amana

Kishikwambi kinaweza kuwa na majina ya watu, hali ya afya ya watoto wao na mahali nyumba zao zilipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inampa kila mwananchi haki ya kuelezwa data yake inakusanywa kwa sababu gani, kuiona, na kutaka irekebishwe ikiwa na makosa. Mkazi anayehojiwa ana haki ya kuuliza maswali hayo kabla ya kujibu, na mkusanyaji data anapaswa kuwa na majibu.

Upande wa kifaa, mambo matatu ni ya lazima: nambari ya siri ya kufungua skrini, usimbaji wa hifadhi ili mwizi asiweze kusoma kilichomo, na uwezo wa kukifuta kikiwa mbali. Data itumwe kila jioni. Kifaa kilichoibwa kikiwa na kazi ya siku moja ni hasara ndogo. Kilichoibwa kikiwa na kazi ya mwezi ni msiba. Kwa viumbe adimu, mahali walipo pasisambazwe ovyo, kwa sababu wawindaji haramu nao husoma ramani.

Kutunza hadi mwisho

Baada ya kazi ya baharini, vizibo vyote vihakikishwe vimefungwa, kisha kifaa kipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukaushwa. Kisichajiwe tundu likiwa na unyevu. Vizibo vya mpira vikaguliwe kila wiki. Daftari na penseli visiachwe nyumbani. Kifaa kikikataa, kipimo kiandikwe kwa mkono na kazi iendelee.

Betri iliyovimba isichajiwe, isitobolewe wala kuchomwa moto. Ikabidhiwe kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki, na kabla ya hapo data yote ifutwe.

Kwa muhtasari

Kikundi kinachojiandaa kununua kinaweza kubeba orodha hii dukani:

- IP67 au zaidi kwa baharini; IP65 kwa vumbi na mvua.
- Majaribio ya MIL-STD-810 yaliyofanywa yatajwe.
- Niti 500 au zaidi, pamoja na kalamu au hali ya mkono uliolowa.
- GPS iliyotajwa kwa jina.
- Betri ya kubadilishwa, au betri ya akiba iliyofanyiwa hesabu.
- Android isiyo ya zamani na masasisho ya usalama.
- Waranti yenye fundi anayefikika, na jibu la wazi kuhusu maji.
- Gharama ya miaka yote ya mradi, si bei ya siku ya kwanza.

Wakazi wanaotaka kujua data ya wadi yao inakusanywa vipi na inatumika wapi wanaweza kuuliza katika ofisi ya msimamizi wa wadi na katika vikao vya kushirikisha umma. Katiba, katika kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, zikiwemo vipimo vya misitu, maji na bahari anavyovitegemea kila siku.